Ukurasa wa Kumi na Tisa

Nilikuwa na miaka ishirini na sita
tulipoutoboa uwanda huu wa Izmir mara ya kwanza,
mimi na Feridun na mtambo wa kukodi
uliokohoa moshi kila mita mbili.
Palikuwa bado na matuta ya bamia.
Bi Nezahat, mwenye shamba, alitutazama
kama atazamaye wezi wa kitu asichokijua bei.

Mita ya tatu: tope jeusi.
Mita ya kumi: tope, na magamba ya kombe,
maana bahari iliwahi kulala hapa.
Mita ya ishirini na tano nilibonyeza sampuli kwa kidole gumba,
kikazama chote bila ubishi.
Mwamba hatukuufikia. Fedha ziliufikia mwisho wake kwanza.

Nikaandika: laini, umejaa maji, tahadhari.
Jedwali la pili, ukurasa wa kumi na tisa.
Ripoti ikapigwa mhuri, ikalazwa katika mtoto wa meza,
na mtoto yule
hakulia miaka ishirini na miwili.

Bamia zikang'olewa, yakapandwa maghorofa.
Nane kwenda juu, nane, nane, nane,
meupe kama meno ya kununua.
Shemeji yangu Gülseren akachukua nyumba ya ghorofa ya sita.
Nilimpelekea zulia. Nilikula pale Ijumaa nyingi.
Nilijua, na nilikula.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Ukuta wenyewe utasimama juu ya nini,
hapo methali inanyamaza.

Kisha Jumanne, saa tano asubuhi,
ardhi ikakatika mbali, ng'ambo ya ghuba, chini ya maji.

Dada yangu Mualla anakaa kilimani, juu ya jiwe kavu.
Chai yake ilichora duara moja ndani ya gilasi, ikatulia.
Alidhani ni lori.

Huku chini wimbi lilikuja likikimbia mwambani,
lilipokanyaga tope likapunguza mwendo,
na mwendo uliopungua ukageuka kimo:
kama umati mlangoni, wa mbele amekwama,
wa nyuma anampanda mabegani.
Likagonga ukingo wa bonde, likarudi,
likakutana na nduguye anayekuja.
Utotoni mama akituandalia wali wa maziwa uliogandishwa,
sahani ikishatua mezani
wali ulibaki ukitetemeka peke yake. Tulikuwa tukicheka.

Na udongo una mdundo wake.
Huu wetu, kwenda na kurudi, ni sekunde moja hivi.
Jengo la ghorofa nane nalo, sekunde moja hivi.
Mtoto kwenye pembea hahitaji baba mwenye misuli,
anahitaji baba anayejua lini.
Udongo ulijua lini.
Ukasukuma. Ukasukuma. Ukasukuma.

Kibanda cha Bi Nezahat, matofali na bati,
kilipoteza kigae kimoja na kuku mmoja aliyekimbia.
Jengo la jirani yake lilipiga magoti.

Gülseren tulimtoa baada ya saa kumi na tisa,
kope nyeupe kwa vumbi la saruji.
Hakuuliza kitu. Alikishika kidole gumba changu,
kile kile,
akakibana hadi hospitali.

Sasa tumerudi na mtambo, mpya, wa serikali.
Feridun ana mvi hadi kwenye nyusi.
Mita mia moja, mia moja na arobaini, tope.
Juzi alasiri sauti ya chuma ikabadilika,
Feridun akainua mkono: mwamba.
Hakuna aliyepiga makofi.

Bi Nezahat alikuja na birika, fimbo mkononi.
Akauliza, "Mmekipata mlichokuwa mkikitafuta?"
Nikasema tulikipata tangu siku ile ya bamia.
"Mbona hamkusema?"
Nilisema, Bi Nezahat. Niliandika. Ukurasa wa kumi na tisa.

Akanimiminia chai, taratibu,
akinitazama kama mtu
aliyeona nyumba inaungua
akanong'ona, "Moto."